Gunia Lililokwenda Dampo

Vijana wa idara mmeniletea karatasi mbili zenye vichwa vilivyokwisha kuchapwa, moja "Mafanikio", nyingine "Changamoto", mkaniomba nijaze kabla ya mwisho wa mwezi. Ya kwanza niliimaliza kwa mistari mitatu. Ya pili ikanishinda. Kwa hiyo nimechukua daftari langu mwenyewe, la mistari mipana, maana macho nayo yamestaafu. Mafanikio mtayakuta kwenye ripoti, na ripoti zimo kabatini ofisini, mlango wa chini ule usiofunga. Mimi nitawaandikia habari za kizimba cha taka cha Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo, na watu sita waliokuwa wakinywa uji kando yake. Kuna jambo nililifanya pale ambalo halimo kwenye ripoti yoyote, nami sitaki liishie kwangu.

Siku ya kwanza nilifika kizimbani na viatu vyeupe. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mazingira, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na nilikuwa nimetoka kwetu Mbinga kwa matumaini makubwa. Chuoni tulifundishwa mambo mengi kuhusu taka isipokuwa harufu. Mkuu wangu alikuwa kikaoni, na mpaka leo sina hakika kama kile kikao kilikwisha. Aliyenipokea ni mwanamke wa makamo, amejifunga kanga kiunoni juu ya sare, fagio la chelewa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo, mama."

Akaangalia chini. "Hivyo viatu kesho utampa nani?"

Huyo ndiye Bi Zuhura, mnyapara wa wafagiaji wa mtaa ule, mtu wa Rufiji, darasa la nne. Kesho yake aliniletea buti za marehemu mumewe. Zilikuwa namba tisa na mimi navaa tano, nikatembea wiki nzima kama bata. Hakuna aliyenicheka mbele yangu, ila nilipogeuka nilisikia.

Mengi ninayoyajua kuhusu taka nilifundishwa naye. Alinionyesha kwamba taka za Kariakoo zina saa zake. Alfajiri yanatoka majani ya kabichi, majani ya migomba ya kufungia mizigo na maboksi. Mchana ni maganda ya machungwa na makapi ya miwa. Jioni ni nailoni, vitambaa na vifuu vya nazi. Ukija mwezi wa Ramadhani saa zote hizo zinageuka, na mwenye kupanga ratiba ya malori asipoulizia mwandamo wa mwezi atalikuta rundo limevuka barabara. Alinifundisha kuingiza mkono katikati ya rundo: likiwa la moto, linaoza vizuri, likiwa baridi na limelowa, ujue lori la jana halikuja, hata dereva akiapa kwa mama yake. Alinifundisha kukamua taka kiganjani kabla ya kuzifanya mboji. Maji yakichuruzika kati ya vidole, zimezidi unyevu, changanya na maboksi makavu. Miaka mingi baadaye nilisoma jambo hilo hilo kwenye kitabu cha bei kubwa, likiwa na picha ya mkono.

Saa mbili asubuhi, mzunguko wa kwanza wa kufagia ukiisha, wafagiaji walikaa kwenye benchi la mbao upande upepo unakotokea, wakanywa uji wa mchele wenye pilipili manga. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha bati. Wiki ya tatu nilikuta cha saba. Bi Zuhura akakinyoosha kwangu bila maneno mengi, "Karibu, mwanangu," nikakaa.

Naomba mnielewe kikombe kile kilikuwa na maana gani. Kazi yetu hii inaondoa watu kando yako. Unaoga mara mbili, unajipaka mafuta ya nazi, lakini ukisimama mahali mtu anavuta pua na kusogea. Benki, foleni yangu ilikuwa fupi siku zote. Nilichumbiwa mara moja na kijana mwema, mhasibu, ambaye aliomba jambo moja tu: nihamie idara ya maji. Aliona maji yana heshima kuliko taka. Nilimwambia maji hayo hayo yakitoka jikoni kwake yanakuja kwangu. Alioa mwalimu. Basi mtu wa namna yangu akipata benchi ambalo watu wanasogea ili akae, si jambo dogo, na mimi niliketi pale miaka kumi na moja.

Niwaeleze na Mkude. Alikuwa Mluguru wa Matombo, mwembamba, msukuma mkokoteni wa taka, Mkatoliki kama mimi. Jumapili tulionana kanisani, tukapeana mkono wa amani kama watu wasiojuana vizuri, maana hakuzoea kuniona nimevaa gauni. Alikuwa haongei. Siku akisema maneno kumi, Bi Zuhura alimuuliza kama ana homa.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa mtaro. Masika yalikuja, maji yakasimama mtaani hadi magotini, na wenye maduka wakasimama juu ya makreti wakinitazama mimi. Nilifungia mlango nikakokotoa siku mbili: upana wa mtaro, mteremko, wingi wa mvua. Kila hesabu ilisema mtaro unatosha. Nikampelekea Bi Zuhura karatasi zangu, sijui kwa nini, hasomi hesabu hizo.

Akaniuliza, "Maji yalianza kusimama siku gani?"

"Jumapili."

"Na Jumamosi wachuuzi wanafungua belo za mitumba Mchikichini, wanakuja kupanga hapa chini. Ile iliyochanika wanaipeleka wapi?"

Tuliufuata mtaro kwa miguu hadi unapoanza kushukia bonde la Jangwani. Mkude akaingia na kamba. Alichovuta kilikuwa masweta ya sufu ya nchi za baridi na suruali za jinsi, vimejisokota pamoja hadi kuwa kizibo kimoja kirefu. Maji yakaondoka kwa kelele. Nilizichana hesabu zangu, na tangu hapo kabla ya kukokotoa chochote nimekuwa nauliza kwanza Jumamosi kulitokea nini. Nanyi fanyeni hivyo.

Sasa nifike kwenye gunia.

Nyuma ya kizimba kulikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia gunia la salfeti, safi kuliko kitu chochote mtaani pale, linafuliwa kila mwezi. Kila mfagiaji aliyekuta karatasi yenye maandishi ya Kiarabu hakuitia kwenye mkokoteni. Aliiokota kwa mkono, akaikung'uta, akaitia gunini. Huenda ni aya, nani ajuaye, na aya haiendi dampo kukaa na utumbo wa samaki. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kusoma. Kwa hiyo ndani ya gunia mlikuwa na maboksi ya tende, makaratasi ya sabuni, vifuko vya udi, stakabadhi za maduka, na mara moja maelekezo ya kutumia feni. Kila Ijumaa baada ya swala, maalimu wa chuo cha Kurani cha jirani alikuja, akakaa kwenye benchi, akachambua. Kilicho kitukufu alikichukua kwenda kukihifadhi inavyotakiwa. Tende na sabuni zilirudi kizimbani.

Niliwatania. "Bi Zuhura, hii ni sabuni ya kufulia."

"Sabuni kwa anayejua kusoma," alinijibu. "Sisi tunangoja anayejua."

Mkude naye alikuwa akikung'uta na kutia gunini, na msalaba wake shingoni. Nilimuuliza yeye inamhusu nini. "Kama si cha kwangu, ni cha mwenzangu," akasema, na siku hiyo akawa amemaliza maneno yake yote.

Mwaka wangu wa kumi na moja tuliamua kuanzisha uwanja wa mboji, ili majani na maganda ya sokoni yasisafirishwe bure hadi dampo. Kwetu Mbinga bibi yangu alizika majani kwenye mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha miteremkoni, na mahindi yake yalisimama vizuri, kwa hiyo jambo hili nilikuwa nalo moyoni. Lakini ofisi haitaki bibi, inataka vipimo. Siku saba mfululizo nilichukua taka za kizimba, nikazichanganya, nikagawa rundo mafungu manne, nikatupa mawili yanayotazamana, nikarudia hadi likabaki fungu dogo la kuchambua na kupima. Jedwali langu lilikuwa na safu nane. Gunia halikuwa na safu.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Wageni kutoka ofisi ya juu walitarajiwa saa nne, na nilitaka kizimba kiwe cheupe. Bi Zuhura alikuwa amempeleka mjukuu kliniki. Mkude alikuwa mitaa ya mbali na mkokoteni wake. Lori limejaa, dereva anapiga honi, na lile gunia linaning'inia pale limetuna, linaniharibia mandhari na jedwali. Nililitoa msumarini mwenyewe. Nikalipima: kilo sita na nusu. Nikaandika chini ya "Karatasi". Nilihisi upande mmoja mzito, kama kitu kilichofungwa kitambaa, nikajisemea ni boksi limelowa. Sikufungua. Nikalirusha juu ya lori kwa mikono yangu miwili, na lori likaondoka.

Wageni walikuja, wakasifu, wakaondoka. Bi Zuhura alirudi saa sita. Kitu cha kwanza alichotazama ni msumari.

"Gunia liko wapi, Injinia?"

"Nimelipima."

"Ukishalipima ukaliweka wapi?"

Nikatazama barabara lilikopita lori. Akakaa ukingoni mwa barabara, kwenye vumbi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini. Ndipo akaniambia kilichokuwamo. Kona ya mtaa kulikuwa na duka la Mzee Salim, Mwarabu muuza ubani na manukato, mzaliwa wa hapo hapo Kariakoo. Mama yake alifariki mwezi uliotangulia. Msahafu wake, aliousoma tangu usichana wake hadi kurasa zikaachana na jalada, Mzee Salim aliufunga kwa kitambaa cheupe na asubuhi ile ile, kabla Bi Zuhura hajaenda kliniki, alimkabidhi amwekee gunini hadi maalimu aje. Angeweza kumpa maalimu mwenyewe. Alimpa Bi Zuhura kwa sababu mama yake alipokuwa hai alimpenda.

Niliondoka na gari la ofisi kwenda dampo. Nilipowasha injini, mlango wa pili ukafunguka na Mkude akapanda. Sikumwomba.

Ninyi mmelizoea dampo, sina haja ya kulieleza. Katapila lilikuwa limekwisha kusukuma mara mbili. Tulitafuta tangu saa saba hadi jua likashuka, mimi nimesahau hata glavu, waokotaji wa pale wakitusaidia bila kuuliza sana. Tulipata maboksi matatu ya tende. Mkude akanawa mikono kwenye pipa, akanitazama, akasema, "Tumetafuta." Nililisikia neno lile kama hukumu.

Ijumaa Mzee Salim alikuja pamoja na maalimu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma, nimeshika ubao wangu wa kuandikia. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Bi Zuhura akanitangulia.

"Umepotea mikononi mwangu, Mzee Salim. Nisamehe."

Mzee Salim akatazama msumari mtupu. Kisha akasema, "Wewe, Zuhura?" Si kwa ukali. Akaitikia kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, akarudi dukani. Nami sikufungua mdomo. Huo ndio ukweli ninaotaka muwe nao: mwanamke wa darasa la nne alibeba kosa langu mbele yangu, na mimi mwenye shahada nikalitazama likibebwa.

Jumamosi asubuhi nilipita kwenye benchi saa mbili. Walikuwa wanaongea, wakanyamaza. Bi Zuhura akasema, "Karibu, Injinia."

Nikasema, "Starehe."

Mnajua wenyewe desturi yetu. Anayekula akikuona unapita, atakukaribisha, hata kama hakujui, hata kama kilichomo hakimtoshi. Nawe unayepita utajibu starehe na kuendelea na safari yako. Hata muuza maji hukaribishwa. Nami nikajiambia hiyo ndiyo karibu niliyopewa, ya mpita njia, kwa sababu zamani aliniita mwanangu na leo ameniita Injinia. Niliona kikombe changu mwisho wa benchi, kitupu, nikadhani wamekiacha pale ili kinisute. Jumapili kanisani nilikaa safu za mbele ili nisigeuke kumpa Mkude mkono. Jumatatu, "Karibu, Injinia." "Starehe." Baada ya mwezi nikaanza kupita upande wa pili wa barabara, wenye maduka ya vitenge, nikijifanya nakagua mtaro. Sauti ilinifikia hata huko: "Karibuuu." Nikapunga mkono. Baada ya miezi kadhaa kikombe sikukiona tena.

Kazi iliendelea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Tulipata fedha za mapipa ya rangi tano, kila rangi na aina yake ya taka, yakiwa na michoro. Wiki mbili baadaye la bluu lilikuwa na maji ya kunawa kwa mama lishe, la kijani lilikuwa limelowekewa maharage, na la manjano sijaliona mpaka leo. Nilikaa ofisini peke yangu na michoro yangu, nikawa nawaza kwa nini watu hawatenganishi taka. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja nilikuwa nakunywa uji chini ya gunia la taka zilizotenganishwa bila kosa hata moja, na watu wasiojua kusoma, bila pipa la rangi, kwa sababu walijua zinakwenda kwa nani. Watu hawatenganishi kwa rangi. Wanatenganisha kwa ajili ya mtu.

Nikayaacha mapipa. Nikawaleta wafuga mbuzi wa Vingunguti wasimame mbele ya wauza kabichi, wajuane kwa majina. Nikawaleta akina mama wanaochoma mkaa wa vifuu wakajuane na wakuna nazi. Muuza kabichi akishajua kwamba majani yake yanamngoja mbuzi wa Mama Fulani, hatii nailoni ndani yake. Uwanja wa mboji ulifanya kazi. Kwenye ripoti nikaandika "mbinu shirikishi", maana nilihitaji neno. Lilikuwa la Bi Zuhura, na jina lake sikuliandika. Wafagiaji walitundika gunia jipya msumarini. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Kwenye jedwali langu niliongeza safu ya tisa, nikawa naiacha wazi.

Bi Zuhura alistaafu miaka tisa baada ya Alhamisi ile. Walimfanyia tafrija ndogo pale pale kwenye benchi. Nilichangia doti ya kanga, nikaituma kwa karani. Mimi mwenyewe nilikuwa na kikao. Mkude alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya kifua. Walimsafirisha kwenda kuzikwa kwao Matombo, wenzake wakakodi basi dogo. Nilituma bahasha. Siku wanaondoka nilikuwa kwenye kikao tena, na kile nakikumbuka kilihusu nini: kilihusu rangi ya sare.

Nami nikastaafu. Kulikuwa na keki, hotuba tatu na zawadi ya saa ya ukutani, zawadi ambayo humpa mtu anayestaafu kitu cha kutazama. Wiki mbili niliamka saa kumi alfajiri bila pa kwenda. Meza yangu ina viti vinne, na ukitazama mito yake utajua ni kimoja tu kinachokaliwa. Nilisoma ripoti zangu zote. Zilikuwa sahihi. Siku ya kumi na tano nikavaa gauni la kanisani nikaenda Buguruni kumtafuta Bi Zuhura.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani kwa binti yake, mtoto wa jicho amemfunika jicho moja, na lingine karibu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

Hakuuliza ni nani. "Marahaba, Injinia. Umestaafu?"

"Nimestaafu."

"Kaa basi."

Nikakaa ngazini, kando ya mkeka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakatoka yote kwa pamoja. "Nimekuja kuomba radhi. Kwa gunia. Na kwa Mzee Salim, nilivyokaa kimya."

Akafikiri. Kweli alikuwa anatafuta kumbukumbu, niliona. "Aa, lile," akasema. "Hilo si lilikwisha siku ile ile? Mkude alirudi akatuambia injinia kashika taka kwa mikono mitupu mpaka jua limezama. Tukasema basi, huyu wetu. Na Mzee Salim alijua ni wewe. Umesimama pale na ubao wako unatetemeka, nani asijue? Akaniambia, mwacheni mtoto wa watu, hakukusudia. Mungu amrehemu, alikuwa muungwana."

"Sasa mbona hamkunirudisha?"

"Tukurudishe kutoka wapi? Tulikukaribisha kila siku. Kila siku unasema starehe. Ulitaka tukubebe?"

"Nilidhani ni ile ya kumkaribisha mpita njia."

"Mpita njia anaambiwa mara moja," akasema Bi Zuhura. "Wewe tumekuambia miaka tisa. Tunasogea, tunaacha nafasi, wewe huyo, umevuka barabara. Mwishowe tukasema labda injinia amepanda cheo, uji wetu haumfai. Mkude ndiye aliyekataa kuamini. Alipougua alikuulizia. Nikamwambia ana kazi nyingi. Msibani bahasha yako ikaja, jina likasomwa, watu tukageuka kukutafuta."

Nilikuwa nalia, na nashukuru jicho lake halikuona, ingawa nadhani masikio yake yaliona. Nikamuuliza wenzetu wengine wa benchi wako wapi. Akawataja mmoja mmoja kwa vidole, nani alizikwa Mburahati, nani Kilwa, nani aliugua presha akarudishwa Kigoma. Alifika kidole cha mwisho akakiacha kimesimama.

"Wa benchi lile tumebaki wewe na mimi," akasema.

Binti yake akatoka ndani kuuliza kama mgeni atakula. Bi Zuhura hakunigeukia kuniuliza. Alijivuta taratibu, kwa magoti yale yenye maumivu, hadi mwisho wa mkeka, ili nipate pa kukaa kando yake.